Nusu Aliyoniachia Mzee Karugendo

Jumatatu, 31 Januari 1955

Nimefika kituo changu kipya cha kijijini. Lori la kahawa limenishusha njia panda na sanduku, godoro na baiskeli yenye pancha, likaondoka na vumbi lake. Hakuna wa kunipokea. Mimi, karani wa Bukoba mjini, mtu wa tai na kalamu ya wino — nimekaa juu ya sanduku kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua. Wanawake wakapita na ndizi kichwani, wakanisalimu kwa Kihaya, wakacheka walipofika mbele. Walidhani sielewi. Mama yangu Mhaya jamani! Nimeelewa kila neno, pamoja na lile la masikio yangu.

Mwisho akaja tarishi wa baraza, Mustapha, Mwislamu mwenzangu, tukasukuma baiskeli pamoja.

Hakimu ni Mzee Ildefons Karugendo. Mrefu, mkavu, kanzu nyeupe na koti jeusi lililopauka mabegani. Ndiye nitakayejifunza kwake uhakimu mpaka wakubwa waone nimeiva. Nilimwonyesha cheti changu cha kozi ya sheria. Akakitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Akasema vizuri, karani, sheria umeshaisoma, hilo limekwisha. Sasa tujifunze kufikiri.

Nimechukia kidogo. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kuambiwa akajifunze kufikiri! Chumba changu kina kitanda cha kamba na popo juu ya dari.


Jumatano, 2 Februari

Siku nzima nyuma ya kiti chake. Kesi ya mbuzi walioingia kwenye mihogo ya jirani.

Mashahidi wakiisha, Mzee huwatoa watu nje, hubaki na wazee wawili wa baraza wanaomshauri, na mimi. Kisha hufanya jambo ambalo sijaona hakimu mwingine akilifanya. Hufikiri kwa sauti! Anafumba macho na kusema yote yanayompita kichwani. Huyu shahidi nimempenda kwa kuwa anafanana na mjomba wangu, basi nijihadhari naye. Huyu amesimulia bila kujikwaa, na mtu aliyeona kitu kweli hujikwaa. Hapa sijui, nirudi nyuma. Ni kama mtu anayepita kwenye utelezi akitaja kila anapokanyaga, ili anayemfuata asianguke.

Akanigeukia. Moyo wako ulitaka nani ashinde? Nikajibu kwa Kiswahili changu cha kozi kwamba hakimu hana upande. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mzee hakucheka. Akasema kila mtu ana upande, mjinga ni asiyeujua wake. Mtaje kwanza unayemtaka. Halafu mtafutie yule mwingine sababu, mtafutie kwa bidii kama ndugu yako wa damu. Ukikosa kabisa, ndipo useme kwa hiyo.

"Kwa hiyo" ndilo neno lake. Hulisema polepole, kidole kimoja juu, na nyuma yake inakuja hukumu.

Mimi nilimtaka mwenye mihogo. Ameshinda mwenye mbuzi. Na nimekubali kwamba ni haki — hilo ndilo linaloniudhi zaidi.


Jumapili, 13 Februari

Bakoba, mtaa wetu wa Bukoba mjini, nyumbani. Sada kapika wali na samaki, nimekula kama mtu aliyetoka jela. Kule ni ndizi asubuhi na ndizi jioni. Kauliza kiti cha uhakimu nitapewa lini. Nikasema Mzee bado yupo. Akasema kila mzee yupo mpaka siku hayupo. Ulimi wa mke wangu!

Mariamu amenikimbia nilipotaka kumbeba. Amekwisha kunisahau. Mtoto, basi — lakini imeniuma.


Alhamisi, 24 Februari

Leo tumetoka kwenda kuona mpaka wa ndugu wawili. Nje ya baraza ndiko anakofundisha hasa.

Mpakani kuna mstari wa omulamula, ule mmea wa majani marefu ambao Wahaya hupanda kugawa vibanja, mashamba yao ya nyumbani. Mama alinifundisha tangu utotoni kwamba hata mlevi hathubutu kuung'oa. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Nikasema: omulamula ni omulamula, nani atabishana nao?

Alicheka mpaka akashika mgomba! Kila mgeni husema hivyo, karani. Akavunja tawi nene la mmea wenyewe, akalichomeka ardhini mbele yangu. Hili litaota. Mvua mbili zikipita hutajua kama lilipandwa na babu au na mwizi. Kwa hiyo usiuulize mmea, uulize udongo ulio chini yake. Kwenye mpaka wa kweli watu wa pande zote mbili wamesukumia pale magugu na majani makavu ya migomba tangu enzi za mababu, na hakuna anayevuka. Udongo unapanda. Omulamula wa kweli husimama juu ya tuta. Ule uliohamishwa umesimama palipo sawa, hauna kitu chini yake.

Kweli! Nilipiga goti nikapapasa kwa mikono. Tuta lipo, limejificha chini ya majani, unapita juu yake kila siku bila kulijua.

Nikatoa kalamu. Akaifunika kwa kiganja chake. Kwenye kibanja hatuandiki, alisema, kalamu ikianza kukimbia jicho linakaa chini. Beba kichwani. Nimebeba. Suruali imechafuka magotini, Mustapha kanicheka njia nzima.


Ijumaa, 11 Machi

Jambo kubwa!

Kesi ya ng'ombe aliyekufa mikononi mwa mchungaji. Mzee amefikiri kwa sauti vizuri, hatua kwa hatua, mpaka kidole kikapanda. "Kwa hiyo..." Akanyamaza. Akanitazama. Nikasubiri. Bado ananitazama tu, macho yamepanuka kidogo, na wazee nao wananitazama.

Nikaelewa. Ananiachia! Nikamalizia mimi: kwa hiyo mchungaji hana kosa, maana ngozi aliileta kwa mwenye ng'ombe siku ile ile, hakuificha. Mzee akashusha pumzi. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo.

Baba yangu alinifundisha baiskeli hivi hivi. Alishika tandiko akawa anakimbia nyuma yangu, halafu akaachia bila kuniambia. Nilipogeuka alikuwa mbali, anacheka, na mimi naenda peke yangu. Leo nimejisikia vile vile. Nimetembea mpaka msikitini na kurudi bila kuona njia.


Jumanne, 22 Machi

Mvua, mvua, mvua. Kanzu haikauki.

Mzee ananiachia mapema zaidi sasa, hata kabla ya kidole kupanda. Leo katikati ya shahidi wa pili amenigeukia: tulifika wapi? Nikamweleza tulipofika, na tulipotoka, na palipobaki. Kama mwanafunzi anayejua somo lake! Nimemwandikia Sada kwamba nitaiva kabla masika hayajaisha.

Tulipotoka, mmoja wa wazee wa baraza kanivuta kando. Kasema mtu mzima hamaliziwi maneno, kijana. Nikamjibu kwa adabu kwamba Mzee mwenyewe ndiye anayetaka. Akanitazama sana, akaenda zake. Wivu tu. Wao wamekaa pale miaka yote, na hakuna aliyeachiwa hata neno moja.


Jumamosi, 2 Aprili

Nimechoka, nina matope mpaka shingoni, na nina furaha.

Tumekwenda Kishanda kwa baiskeli, mimi nakanyaga, Mzee nyuma kwenye keria, mkono mmoja begani mwangu na mwingine ameshika kofia. Hakimu mzima! Wazee wa baraza hawakuja. Mmoja anaumwa mguu, mwingine aliogopa matope na hakuona haya kusema.

Mdai ni Felicitas, mjane, mumewe alizikwa mwaka juzi ndani ya kibanja hicho hicho. Ana wana wawili wadogo. Upande wa bondeni wa kibanja ndiko iliko kahawa yote. Mdaiwa ni shemeji yake, Kashaija, ambaye kibanja chake kimepakana na hiyo kahawa kwa chini. Mstari wa omulamula sasa unapita upande wa juu wa kahawa, kwa hiyo kahawa iko kwa Kashaija. Felicitas anasema mstari ulihamishwa alipokwenda kwao kumuuguza mama yake. Akiikosa kahawa atabaki na migomba tu, hatakuwa na cha kuwasomesha wanawe wala cha kuwavisha, mwisho atarudi kwao. Na akirudi kwao, kibanja chote ni cha Kashaija. Kila mtu pale alijua hilo, hata waliokuja kutazama.

Kashaija akaweka mikono nyuma, akaanza na neno la heshima la Kihaya, akasema kwa sauti: "Waitu, omulamula ni omulamula. Nani atabishana nao?" Nikamtazama Mzee. Mzee akanikonyeza!

Akanichukua kando kwenye migomba. Unamtaka nani? Felicitas. Kwa nini? Kwa sababu hakulia. Akasema hiyo si sababu, lakini vizuri umeitaja, sasa msaidie Kashaija. Nikajaribu. Labda marehemu mwenyewe alimpa nduguye kipande kile. Vizuri, endelea. Kama alimpa, walikunywa rubisi, maana hapa hakuna ardhi inayotolewa bila pombe na majirani kushuhudia. Basi nani alikunywa? Tukawauliza majirani. Hakuna aliyekunywa. Kashaija mwenyewe hakusema alipewa, anasema mstari uko pale tangu mababu.

Basi uulize udongo, Mzee akasema. Chini ya mstari palikuwa sawa kama sakafu. Tukateremka kupita kahawa, Mzee akasukuma majani makavu kwa fimbo — tuta! Refu, la zamani, linakwenda mpaka mtoni, na juu yake vishimo laini vilivyojaa maji. Pale ndipo mimea iling'olewa.

Alifikiri yote mwenyewe leo, mwanzo mpaka mwisho, bila kuniachia hata neno. Sijamwona hivyo tangu Februari. "Kwa hiyo," kidole juu, majani ya migomba yanamdondoshea maji usoni, "mstari ni wa uongo." Tulisema sisi wawili tu. Wenye kesi hawakuambiwa, wamebaki mashahidi wa kusikilizwa, hukumu ni mwezi ujao.

Kurudi aliimba nyimbo za kanisani nyuma yangu. Penye njia panda akaniambia kata kushoto. Ni kulia. Nikacheka, nikamwambia Mzee unanipima mpaka njia! Aliendelea kuimba.


Jumatatu, 11 Aprili

Nimekwenda kumpa Mzee mkono wa Pasaka. Nimechukua sukari na sabuni ya kunukia kwa mkewe, Mama Joviana, maana huniletea ndizi kila wiki.

Nyumba imetandikwa nyasi mpya, zinanukia. Lakini Mama Joviana alikuwa amesimama nje, penye lango la kibanja, ameshika kanga kifuani. Mzee ametoka tangu asubuhi, alisema, kavaa koti kwamba anakwenda barazani. Leo sikukuu! Baraza limefungwa!

Nilimkuta kwenye rweya, pale penye nyasi tupu ambapo hakuna nyumba wala njia. Amesimama. Viatu mkononi, soksi zimelowa. Aliponiona hakunisalimu. Alinyanyua kidole.

"Kwa hiyo..."

Akanitazama, akasubiri nimalizie.

Macho yale yale. Yale ya kesi ya ng'ombe. Yale yote ya Machi. Ya Rabi, macho yale yale!

Nikamalizia. Nilisema: kwa hiyo twende nyumbani, tata. Tata ni baba kwa Kihaya, sikuwahi kumwita hivyo. Akashusha pumzi, akasema ndiyo, ndiyo, ndivyo. Nilimvisha viatu kwa mikono yangu nikamshika mkono.

Mama Joviana alituona tukija, akaingia ndani. Nilimkuta jikoni analia bila sauti. Alisema imeanza mwaka jana. Alisema mwenyewe ndiye aliyewaomba wakubwa wamletee kijana wa kumfundisha. "Alisema, mama, nina kitu kimoja tu kizuri na kinaniponyoka. Nimpe mtu kabla hakijaisha." Akaniwekea buni za kutafuna kwenye kibakuli, kama mgeni yeyote. Sikuweza kutafuna.


Jumanne, 12 Aprili

Baba aliachia tandiko kwa sababu alijua naweza. Huyu hakuachia. Alikuwa anaanguka, na mimi nikadhani napanda. Nikajisifu. Nikaandika barua!

Naona aibu hata hapa ambapo hakuna anayesoma.


Alhamisi, 21 Aprili

Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, amepita na motakaa yake. Amekagua vitabu, amekunywa chai, kisha akaniita nje penye gari. Kwa Kiswahili chake cha kujikongoja aliuliza Mzee anaendeleaje, wanasikia maneno. Kasema kama mzee amechoka si aibu kusema, na mimi nipo.

Mimi nipo. Yaani kiti. Nyumba ya bati, Sada na Mariamu karibu, kila kitu.

Nikasema Mzee ni mzima na ananifundisha vizuri sana. La pili ni kweli.

Motakaa ilipoondoka nilirudi ndani. Mzee alikuwa anafuta miwani, akaniuliza yule Mzungu alikuwa anataka nini. Nikasema anakusalimu. Nimemkinga leo, na hukumu ya Kishanda inakuja, na yeye ndiye atakayehukumu. Sijui nimefanya nini.


Jumatano, 27 Aprili

Ramadhani. Baiskeli na saumu havipatani. Lakini nilihitaji kurudi Kishanda peke yangu.

Hofu yangu ni hii. Siku ile tulikuwa wawili tu, na hatukuandika kitu. Kichwa kimoja sasa hakiaminiki. Je, changu? Je, niliona tuta, au niliona alichosema yeye? Nikafanya alivyonifundisha. Moyo wangu unamtaka Felicitas. Nikamsaidia Kashaija njia nzima, nikakanyaga na kumsaidia, nikamtafutia kila sababu.

Tuta lipo. Lakini mtu ameanza kulilima. Upande mmoja limefukuliwa kwa jembe, udongo umesawazishwa, na mvua inamaliza kazi iliyobaki. Mwezi mmoja na hapatakuwa na cha kuuliza.

Felicitas alinikuta pale. Aliniletea maji kwenye kata, akakumbuka nimefunga, akayarudisha nyuma yake kwa aibu. Akauliza kwa upole: "Waitu, yule mzee ataona tena kama alivyoona siku ile?" Nikauliza kwa nini anauliza. Akasema wakati wa kuaga siku ile Mzee alimuuliza jina lake, na yeye ni nani, na anataka nini pale.

Nikamjibu ataona. Uongo wa pili ndani ya wiki, tena mwezi mtukufu.


Jumanne, 3 Mei

Alasiri, kibarazani kwa Mzee, nyumbani kwake. Mama Joviana anamenya ndizi ukumbini. Mzee akasema kwa sauti yake ya zamani kabisa:

"Burhani. Unanimalizia vizuri. Unadhani sijui?"

Akasema ni kama kusoma kitabu mtu anachana kurasa nyuma yako, ukigeuka kuangalia ulikotoka hakuna. Asubuhi huwa kuna kurasa nyingi. Mchana chache. Alisema bila kujihurumia, kama anaeleza kesi ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Nikamwambia, tata, nimwambie Bwana Shauri upumzike. Akasema baada ya Kishanda. Anataka kesi moja ya mwisho aifikirie yote mwenyewe, mbele ya watu. Nikasema na ikikuponyoka? Akanishika mkono. "Usinisahihishe kwa huruma. Wala usininyamazie kwa huruma. Huruma nayo ni upande, mwana wange. Itaje kwanza, halafu ufikiri."

Nikakubali. Mungu anisamehe, nilikubali, kwa sababu alikuwa mzima kabisa dakika ile, alikuwa yule wa Februari. Mama Joviana akatoka na bakuli. Mzee akanigeukia akitabasamu.

Kishanda, akauliza, ndiyo ile ya mbuzi?


Alhamisi, 5 Mei

Naandika chumba cha karani. Mvua inapiga bati hata mtu hajisikii mwenyewe, baraza limesimama mpaka ipungue.

Watu walijaa mpaka madirishani. Mzee hakuwatoa nje. Alisema leo atafikiri mbele ya wote. Mama Joviana alikuwa nyuma, amevaa nguo ya kanisani. Felicitas mbele, wanawe wawili mkekani. Kashaija na jamaa zake upande wa pili, mikono nyuma.

Alianza vizuri! Vizuri mno! Alisema moyo wangu unamtaka mjane, basi nimtafutie Kashaija sababu. Akaingia upande wa Kashaija kwa bidii, kama anavyofanya siku zote, akamtafutia, akamtafutia. Nikawa namsubiri arudi. Afike kwenye rubisi. Afike kwenye udongo.

Hakurudi. Aliingia mle na mlango ukamfungia ndani. Nilimwona anavyogeuka huku na huku, anatafuta alikotokea. Kisha uso ukatulia, akakamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

"Omulamula ni omulamula," alisema. "Nani atabishana nao?"

Kashaija akainua uso. Jamaa zake wakanong'ona. Mimi — nilitaka ardhi inimeze. Felicitas hakulia. Hakumtazama hata Mzee. Alinitazama mimi.

Kidole kikapanda. "Kwa hiyo..."

Akanigeukia. Macho yale.

Na pale pale mvua ikashuka juu ya bati, yote kwa pamoja. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Sijui ningesema nini! Wazee wa baraza wakapunga mikono, basi, basi, tusubiri.

Nifikiri. Kwa sauti siwezi, basi hapa. Moyo wangu unataka nini? Unataka mambo mawili. Unataka Felicitas apate kahawa yake, na unataka Mzee Karugendo asiaibike mbele ya mkewe na mbele ya watu aliowahukumu miaka yote. Na kuna la tatu, nilitaje: kiti. Nikisimama kumsahihisha, watasema mtu wa mjini alikuwa anasubiri siku hii. Nikinyamaza, wale wazee wawili wamesikia omulamula tu, wao hawakwenda Kishanda, watamalizia wao. Mwezi ujao tuta halipo. Nikimmalizia kama nilivyozoea, kwa kugeuza maneno polepole, labda nitaokoa vyote viwili. Lakini alishasema kwa sauti, wote wamesikia. Na hicho nacho ni kunyamaza kwa huruma, kimevaa koti tu.

Niliacha kalamu, nikatoka, nikamkuta Mzee chini ya ukingo wa bati, amekaa kwenye benchi peke yake, maji yanamrukia miguuni. Nikakaa. Akainamia sikio langu, akauliza watu wale wanagombania nini. Nikamweleza. Akasema, nieleze tangu mwanzo, taratibu, taja kila unapokanyaga.

Basi nikafikiri kwa sauti, sikioni mwake, mvua ikipiga. Nikataja ninayemtaka. Nikamsaidia Kashaija kwa bidii, nikamtafutia zawadi ya marehemu, nikafika kwenye rubisi ambayo hakuna aliyeinywa. Nikashuka kwenye udongo. Nikamwonyesha kwa kiganja, mstari umesimama palipo sawa, na tuta liko upande wa chini wa kahawa na vishimo vyake, na jembe lililoanza kulilima. Alifumba macho. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila hatua, kama mimi nilivyokuwa nikifanya nyuma ya kiti chake. Nilipofika kwenye kwa hiyo, kidole changu kilikuwa juu. Sikukipandisha mimi.

Akafumbua macho. Yalikuwa na machozi, au ni mvua.

"Karani," alisema, "umefundishwa vizuri. Nani alikufundisha?"

Nikamtajia jina.

Alifikiri kidogo. Akasema mtu huyo angependa sana awepo leo, asikilize.

Nimerudi huku ndani kuandika kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mvua inapungua. Nasikia Mustapha anagonga kipande cha reli, watu wanarudi kukaa. Wino umenidondokea kwenye kanzu. Mzee amesimama penye mlango wa baraza, naona mgongo wake kutoka hapa. Siku zote huingia yeye mbele, mimi nyuma. Hajaingia. Ameushika mlango kwa mkono mmoja, amegeuka, ananitazama, anasubiri nipite —